Januari 2028 Haiko Mbali: Barua ya Wazi kwa Mawaziri wa Elimu na TAMISEMI

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Na kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),

Waheshimiwa,

Nawaandikia wote wawili kwa makusudi. Sera, mitaala na mitihani viko Wizara ya Elimu. Shule zenyewe, walimu na fedha za uendeshaji viko TAMISEMI. Mzazi wa kawaida haujui mpaka huo, na akiujua ni kwa sababu ameshawahi kuzungushwa kutoka ofisi moja kwenda nyingine. Suala langu limekaa hasa juu ya mpaka huo, na lina tarehe yake: Januari 2028.

Mnalijua kuliko mimi, lakini wazazi wengi watakaosoma barua hii hawajalisikia, kwa hiyo nivumilieni nilieleze. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imepunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba kuwa sita, na imefanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, yaani hadi kidato cha nne. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka ule ndio wa kwanza kuishia darasa la sita, na watalimaliza mwaka 2027. Kaka na dada zao waliokuwa darasa la nne wameendelea na mtaala wa zamani hadi la saba, nao wanamaliza mwaka huohuo wa 2027. Shule za sekondari zikifunguliwa Januari inayofuata, madarasa mawili ya taifa zima yataingia kidato cha kwanza siku moja.

Nyumbani kwangu ninao wote wawili. Mwanangu yuko darasa la tano, na mpwa wangu ninayemlea yuko la sita. Sare mara mbili, viatu mara mbili, madaftari makubwa mara mbili, mwezi uleule wa Januari ambao mkulima wa huku Geita hana kitu mfukoni kwa sababu mahindi bado yako shambani. Hilo ni langu, na nitalibeba. Ninyi mna la kwenu, na ni zito zaidi.

Niruhusuni nipige hesabu ya mzazi, hesabu ya kalamu na karatasi. Miaka hii ya karibuni watoto wanaofaulu mtihani wa darasa la saba ni karibu milioni 1 kila mwaka. Mwaka 2022 walipita 1,070,000. Makundi mawili kwa pamoja ni kama milioni 2. Na hapo nimehesabu wanaofaulu tu, ilhali elimu ya lazima ikiwa ya miaka kumi, hata yule ambaye zamani angeambiwa hakuchaguliwa sasa ana haki ya kiti. Tuchukue hiyo milioni moja ya ziada peke yake. Tukiwaweka 40 kwa kila chumba, yanahitajika madarasa 25,000. Mwaka 2022 serikali ilitoa shilingi bilioni 160 kujenga madarasa 8,000, yaani milioni 20 kila moja. Kwa bei hiyo, madarasa ya 2028 ni shilingi bilioni 500.

Ni fedha nyingi, lakini madarasa hayanitishi, na nitasema kwa nini.

Kujenga tumejua. Mwishoni mwa 2021, kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000, yakiwemo 3,000 ya shule shikizi, zile ndogo zilizo chini ya shule mama, ndani ya miezi michache. Niliona mwenyewe. Mafundi walilala kwenye eneo la ujenzi, mabati yakafika kabla ya kuta kukauka, mkuu wa wilaya akawa anakuja asubuhi na jioni. Kata yetu ilikuwa na sekondari moja, sasa zipo mbili, na ile ya pili imewaondolea wasichana wa upande wa ziwani safari ndefu ya kila alfajiri. Wengine walikuwa wamepanga vyumba karibu na shule, hayo tunayoyaita mageto, mtoto wa miaka kumi na minne anaishi peke yake na jiko la mkaa. Kila mzazi wa huku anajua ni nini kilichokuwa kinawapata baadhi yao. Kwa hiyo mtu akiniambia hakuna kilichofanyika, namwona hajatembea.

Na si majengo tu. Ada iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na sita. Novemba 2021 mlango ulifunguliwa kwa wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito kurudi shuleni. Jambo ambalo miaka minne kabla yake lilitamkwa hadharani kwamba haliwezekani. Nawafahamu wasichana waliorudi. Hawajawa wengi kama tulivyotaraji, kwa sababu mtoto mchanga hana pa kuachwa na jamii ina mdomo, ila waraka upo na mwalimu mkuu hawezi tena kumfungia binti geti.

Kinachonitisha ni mwalimu. Katika nchi hii kila tulipopanua elimu kwa kishindo, mwalimu ndiye aliyefikiriwa mwisho, na kila mara tumelipa.

Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977. Watoto wakaingia, na ilikuwa fahari ya taifa. Wa kuwafundisha wakatafutwa miongoni mwa vijana waliomaliza darasa la saba wenyewe, wakafunzwa hukohuko vijijini huku wakifundisha. Wako waliokuwa walimu hodari kabisa. Mmoja alinifundisha mimi kuandika. Lakini wengi walitupwa kwenye maji marefu. Ikaja MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, ada ya shule za msingi ikafutwa, madarasa yakajaa, na mafunzo ya ualimu ya miaka miwili yakabanwa, mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja kazini. Kisha ikaja zamu ya sekondari. Kuanzia 2006 kila kata ikaambiwa ijenge shule. Wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne wakaongezeka kutoka takriban nusu milioni mwaka 2005 hadi zaidi ya milioni moja na nusu mwaka 2010. Wahitimu wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya mwezi mmoja na leseni ya kufundisha, mtaani tukawabatiza jina la voda fasta. Tulicheka sana wakati ule.

Kicheko kilikoma Februari 2013. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka, takriban watahiniwa sita kati ya kila kumi walikuwa wamepata daraja sifuri. Waziri Mkuu aliunda tume, matokeo yakafutwa, madaraja yakapangwa upya, asilimia zikapanda. Watoto walibaki walivyokuwa. Wengi wao waliingia kidato cha kwanza mwaka 2009, katika shule iliyokuwa na jengo, bendera, mkuu wa shule na walimu wawili au watatu wa kugawana masomo yote. Walikaa miaka minne wakinakili notisi ubaoni. Leo wana umri wa miaka thelathini na ushee, na baadhi yao ndio wazazi wa hawa watoto wa 2028.

Sasa turudi kwenye karatasi yangu. Mikondo 25,000, yaani yale madarasa ya watoto 40, tuseme kila mkondo una vipindi 40 kwa wiki, ni vipindi milioni 1. Mwalimu mmoja tukimpa vipindi 25, mzigo ambao ukifanywa kwa haki unamaanisha kusahihisha madaftari mpaka usiku, wanahitajika walimu 40,000. Punguzeni mtakavyo, wekeni watoto 50 badala ya 40, ongezeni vipindi vya mwalimu. Bado mtabaki na makumi ya maelfu. Na hao ni juu ya pengo la leo, ambalo shule ya kata yenye mwalimu mmoja wa Fizikia na Hisabati, au isiyokuwa naye kabisa, haihitaji takwimu kulieleza.

Najua jibu moja ambalo wataalamu wenu watalitoa, nalo lina ukweli ndani yake. Darasa la saba likifutika, shule za msingi zitabaki na darasa moja pungufu, vyumba vitakuwa wazi na walimu watapungukiwa kazi. Kwenye makaratasi ni sahihi. Katika shule ambayo mimi ni mjumbe wa kamati yake, darasa la pili lina watoto zaidi ya 120 katika chumba kimoja. Sera yetu wenyewe inasema mwalimu mmoja kwa watoto 45. Chumba cha la saba kikiachwa wazi Ijumaa, Jumatatu kitakuwa kimeshajazwa na nusu ya darasa la pili, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu mtoto asipojua KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, hapo chini, huko sekondari tunambeba tu. Walimu wa msingi wenye shahada wapo, wengi walijiendeleza kwa fedha zao, na wakihamishwa kwenda sekondari kwa utaratibu wataokoa jahazi. Lakini mwalimu wa msingi akiondoka, nani anaziba nafasi yake? Mkiliangalia upande mmoja linaonekana suluhisho, mkigeuza karatasi ni shimo jingine.

Na wakati huohuo walimu tunao, wako mtaani. Mwanzoni mwa 2025 wahitimu wa ualimu zaidi ya 200,000 waligombea kwenye usaili nafasi zisizofika 15,000. Ni vijana waliosomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Wamefundisha kwenye mazoezi ya vitendo, wamehitimu, wamekaa nyumbani miaka mitano, saba, tisa. Wengine wanaendesha bodaboda, wengine wanauza vocha, wengine wamekata tamaa na vyeti wameviweka chini ya godoro. Nchi yenye shule zisizo na walimu na walimu wasio na shule haina tatizo la elimu pekee. Hapo kuna jambo la Hazina, na ninawaomba mkasimame mbele ya Waziri wa Fedha pamoja, si mmoja mmoja.

Niseme kidogo kuhusu walimu wa kujitolea, maana ndio wanaoshikilia paa. Shuleni kwetu wako vijana wanaofundisha Hisabati na Kiingereza bila kuwa kwenye orodha ya mishahara. Wazazi tunakubaliana kuchanga, anayeweza elfu moja, anayeweza debe la mahindi, asiyeweza tunamsamehe. Tunafanya hivyo kwa kujificha nusu, kwa sababu kila mwaka hutoka tamko la kupiga marufuku michango na hakuna mwalimu mkuu anayetaka kuamka na barua ya kushushwa cheo. Hapo nina neno gumu kidogo kwenu. Ukipiga marufuku mchango na hujaleta mwalimu, umewaachia watoto darasa tupu. Wekeni utaratibu ulio wazi: risiti, kiwango ambacho kamati ya shule imekipitisha, mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango, na kijana aliyejitolea miaka mitatu katika shule ya pembezoni ahesabiwe uzoefu huo siku ya ajira. Usaili wa kuandika pekee unampa nafasi aliyekaa mjini na kukariri. Aliyezoea watoto 120 na ubao uliopasuka, anayejua kuishi Nyang'hwale au Mbogwe bila kuomba uhamisho baada ya wiki mbili, mtihani huo haumwoni.

Uhamisho nao una mizizi yake. Mwalimu anafika, hana nyumba, kijiji hakina chumba cha kupanga chenye umeme. Ukijenga madarasa manne bila nyumba hata moja ya mwalimu, umejenga madarasa manne ya kunakili notisi. Mwenge wa Uhuru unazindua madarasa, unazindua vyoo. Nyumba ya mwalimu nimeiona ikizinduliwa mara moja tu huku kwetu.

Liko jingine ambalo silisikii likizungumzwa, na ndilo linalonikosesha usingizi zaidi. Watoto hawa wawili wa nyumbani kwangu, wakikaa dawati moja Januari 2028, watakuwa wamesoma mitaala tofauti. Mmoja miaka sita, minne ya mwisho ikiwa ya mtaala ulioboreshwa, mwingine miaka saba ya ule wa zamani. Kitabu cha kidato cha kwanza kitakuwa kimoja. Mwalimu atakuwa mmoja. Halafu wote, kwa siku moja, wataambiwa kuanzia leo Jiografia, Baiolojia na Kemia ni kwa Kiingereza. Tayari sasa, watahiniwa watatu kati ya wanne wanafeli Hisabati kidato cha nne, hali iliyodumu miaka kadhaa mfululizo. Mtoto aliyeingia na mwaka mmoja pungufu, katika darasa lililojaa maradufu, chini ya mwalimu ambaye hajaambiwa kwamba ana makundi mawili mbele yake, tunamtegemea afanye nini? Wizara ya Elimu ina muda wa kuandaa wiki kadhaa za kwanza za kuwasawazisha, vitabu vyake na semina ya walimu. Semina isiwe ya siku mbili hotelini kwa maofisa, tafadhali. Wanaoihitaji ni walimu wa kidato cha kwanza, na vituo vya walimu katika kata vipo kwa kazi hiyohiyo.

Mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, nitaupita haraka. Wazo lake nalipenda. Fundi wa kweli anahitajika kuliko karani wa kumi na moja. Ila useremala bila karakana ni somo la historia, na sekondari nyingi za kata hazina hata maabara iliyokamilika.

Fedha za uendeshaji lakini siwezi kuzipita. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na sehemu yake hubakizwa kwa ajili ya vitabu. Shuleni inafika kama 6,000. Kiwango hiki kilipangwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilipolingana na dola 10. Wakati ule dola moja haikufika shilingi elfu moja. Mgharamieni mtoto wenu chaki, karatasi za mitihani ya ndani, ukarabati wa vitasa, maji na umeme kwa shilingi 6,000 kwa mwaka, mtaona kwa nini walimu wakuu wanatutazama sisi wajumbe wa kamati kwa macho ya kuomba. Ninawapongeza kwa kupeleka fedha hizo moja kwa moja kwenye akaunti za shule tangu 2016, kwa sababu zamani zilipukutika njiani. Sasa zinafika, ila zinafika kidogo.

Waheshimiwa, zimebaki bajeti mbili. Ya 2026/27 na ya 2027/28. Baada ya hapo watoto watakuwa mlangoni, na uzoefu unanionyesha kwamba mtoto akishafika mlangoni serikali hujenga chumba, kwa sababu chumba kinaonekana, na mwalimu husubiri.

Kwa hiyo ombi langu ni moja, na si la kujenga. Kabla Bunge halijapitisha bajeti ya 2027/28, tangazeni jedwali la ikama, yaani idadi inayohitajika, ya walimu wa sekondari, kata kwa kata: watoto wangapi wanatarajiwa Januari 2028, walimu wangapi wapo kwa kila somo, wangapi wanapungua, wangapi wataajiriwa na lini watafika. Takwimu za wanafunzi mnazo. Kila mwaka, Februari na Machi, walimu wakuu wanakesha kuzijaza kwenye mifumo yenu. Kata ambayo itaonekana haitapata walimu wa kutosha, iambiwe mapema, ili sisi wenyeji tujue kama tujipange kwa walimu wa kujitolea, kwa zamu mbili za asubuhi na mchana, au kwa kupokezana mwalimu wa Hisabati kati ya shule mbili. Hayo yote yanawezekana yakipangwa mwaka mmoja kabla. Yakipangwa wiki ya pili ya Januari yanaitwa vurugu.

Na kama jibu la serikali litakuwa tena mafunzo ya mwezi mmoja na leseni, tuambiwe hilo nalo, na tuambiwe sasa. Vijana zaidi ya laki mbili wenye vyeti kamili wangependa kulisikia.

Jedwali hilo likitoka, libandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata, si kwenye tovuti peke yake. Kwetu intaneti inategemea upepo. Mimi nitalinakili kwenye daftari la kamati, na kikao chetu cha robo mwaka kitalisoma jina la shule kwa jina la shule, mbele ya diwani na afisa elimu kata.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzazi na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi,
Mkoa wa Geita